Kanisa Kuukuu la huku Masasi sa hivi ni kituo cha sanaa, maoni yangu kama mteja

Wakuu habari za leo. Naona watu wanaulizana sana kuhusu lile kanisa la zamani la mawe upande wa Masasi, mkoa wa Mtwara, kama unaelekea Ndanda, ambalo limegeuzwa kituo cha sanaa, wengine wanasifia, wengine wanasema kufuru, na wengi wanaoongea wala hawajakanyaga. Mi huwa naenda maana mdogo wangu anapiga ngoma kwenye kikundi kimojawapo pale, na ukumbi tuliwahi kuukodi kwa shughuli ya familia, kwa hiyo naongea kama mteja. Jina la kijiji silitaji, wahusika bado wanahangaika na hati ya kiwanja na wametuomba tusiwapigie kelele mpaka waipate, ila mtu wa Masasi ukisoma hapa utajua tu ni wapi, wenyeji wanapaita Kanisa Kuukuu.

Kwa kifupi, kwa mazoezi ya ngoma, kwaya, kuchonga, kuchora, sijaona mahali kama pale huku kwetu. Kwa harusi yenye MC na spika za kukodi, nendeni kwingine, ntaeleza kwa nini.

Kwanza hili la kufuru tulimalize. Watu wanaangalia video za Ulaya wanaona makanisa yamegeuzwa kumbi za muziki wanadhani ndo hicho kimeingia kwetu. Kule Amsterdam lipo moja linaitwa Paradiso, lilikuwa kanisa la karne ya 19, tangu 1968 ni ukumbi wa muziki, na Maastricht huko huko Uholanzi kuna kanisa la Wadominiko la enzi za kati limekuwa duka la vitabu. Kule kwa sehemu kubwa waumini walipungua, majengo yakabaki. Huku kwetu ni kinyume kabisa jamani, waumini walizidi! Kanisa halikutosha, watu wanasimama nje juani na watoto mgongoni, wakachangishana korosho misimu kadhaa wakajenga kubwa la matofali hapo hapo pembeni, na lile la mawe likabaki stoo ya mabenchi mabovu na popo. Madhabahu, birika la ubatizo na msalaba mkubwa vyote vilihamishiwa kanisa jipya kwa ibada kabisa, askofu akiwepo, kabla ya mtu yeyote kuingiza ngoma. Hata Wakatoliki ukiwauliza, sheria yao ya kanisa namba 1222 inamruhusu askofu kulitoa kanisa lisilotumika tena kwa ibada lifanyiwe kazi za kawaida, mradi isiwe kazi ya aibu. Kwa hiyo anayesema watu wanacheza sindimba madhabahuni aje aone, madhabahu yenyewe haipo.

Na kwa Masasi kubishana habari ya ngoma na kanisa ni kusahau historia yetu wenyewe. Misheni ya Masasi ilianza 1876, Askofu Steere wa Anglikana alipokuja na watu waliokombolewa utumwani, safari yao ilikuwa ya Ziwa Nyasa wakaishia hapa. Baadaye akaja Vincent Lucas, ndo aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi kuanzia 1926, huyu jamaa wenzake walikuwa wanapiga vita jando, yeye akakaa na wazee akalichukua jando lenyewe akaliingiza kwenye utaratibu wa kanisa. Tena Trevor Huddleston, askofu wetu wa Masasi 1960 mpaka 1968, kabla hajaja huku alikuwa Afrika Kusini anapambana na ubaguzi, na ndiye aliyempatia Hugh Masekela, yule mwanamuziki maarufu wa kule, tarumbeta yake ya kwanza akiwa kijana wa shule. Sasa dayosisi yenye maaskofu wa namna hiyo leo mtu anatoka povu kwa sababu ya vijana na ngoma zao kwenye jengo ambalo lilikuwa la popo. Haya bana.

Turudi kwenye huduma. Kuingia bure, unaandika jina kwenye daftari mlangoni. Mama mlezi wa kituo ni mwalimu mstaafu, mkali wa viatu vyenye matope na simu zinazolia, shikamoo yako usiisahau maana atakusimamisha hapo hapo mlangoni kama mtoto wa darasa la pili.

Siku za kunoga ni Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri. Vikundi vya ngoma vinapokezana, Wamakonde, Wamakua, Wayao, wale wale watatu ambao vipande vya majina ya makabila yao vilizaa jina la tamasha la ngoma la MaKuYa pale Mtwara mjini, na kikundi cha mdogo wangu kinaota kucheza siku moja kwenye majukwaa ya namna hiyo. Ukifika mapema utawakuta nyuma, nje upande wa mlango wa sakristia, kile chumba cha padre kujiandalia, wamewasha moto wa nyasi kavu wanapasha ngoma, wanaelekeza ngozi kwenye moto, wanapiga kidogo kwa vidole, wanasikiliza, wanarudisha tena motoni mpaka sauti ikae. Kuna sheria kwamba moto hauwashwi karibu na ukuta na ndoo ya mchanga lazima iwepo, maana paa lile ni mbao za zamani, cheche moja tu tumekwisha.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni kisanduku. Zile ngoma ndogo za Kimakonde, vinganga, zina mguu uliochongoka, unachomekwa ardhini ngoma isimame yenyewe na mpigaji awe huru. Sasa kanisani sakafu ni saruji, utachomeka wapi? Mwanzoni walikuwa wanazishika kwa magoti, mpigaji anachoka nusu saa tu. Fundi mmoja akapiga sanduku la mbao refu, kina kama cha dhiraa moja, wakalijaza mchanga wa mtoni, wanaumwagia maji kidogo ukamate, limekaa pale pale kwenye ngazi za zamani za madhabahu, vinganga vinachomekwa humo vinasimama wima. Hakuna mfadhili aliyeandika hiyo kwenye ripoti, ni akili ya mtu anayeijua ngoma, na mi mahali ninapima kwa vitu kama hivyo.

Chumba cha pembeni ambacho wanakwaya walikuwa wanavalia majoho sa hivi ni cha uchongaji, ila kuchonga kwenyewe kunafanyika nje chini ya mwembe kwa sababu vumbi la mpingo si mchezo, linawasha pua na macho, ndani mnabaki kupiga msasa kwa maji na kung'arisha. Babu anayefundisha ni mchongaji wa miaka mingi, aliwahi kuishi Dar akichonga pale Mwenge kabla hajarudi nyumbani. Anakuanzishia na gogo dogo, anakuonyesha ile sehemu nyeupe ya nje na kiini cheusi, anakupa tezo, halafu anaondoka anaenda kupiga stori. Unabaki unahangaika. Akirudi anaangalia anasema "mjukuu wangu, umeulazimisha mti," anageuza gogo upande wa pili anaondoka tena. Kama umezoea kufundishwa hatua kwa hatua utakereka, ila vijana wanaobaki wanajua kweli, kuna binti pale anachonga vinyago vya ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana, kila uso wa kwake mwenyewe, nilidhani ni kazi ya Babu. Inasikitisha tu kwamba Mmakonde wa Mtwara akitaka kinyago kizuri mara nyingi anakinunua Dar. Pale kituoni bei nzuri, kinyago cha ukubwa wa kiganja elfu kumi na tano mpaka ishirini, na ukibishana bei Babu anakuuliza wewe mahindi yako unauzaje.

Watoto wana darasa la kuchora. Wanachora kwenye hadibodi kwa rangi za mafuta za kopo, kama alivyokuwa anafanya Edward Said Tingatinga, ambaye watu wa Dar wanamfanya wa kwao lakini asili yake ni Tunduru, hapo kwa jirani zetu tu. Darasa limejaa mno, mwalimu mmoja, brashi za kugombania, hapo wanahitaji msaada.

Sasa mapungufu, na hapa wahusika wasinune.

Sauti. Jengo lile lilijengwa kwa ajili ya padre kuimba misa polepole, kuta za mawe zinatazamana, paa liko juu, sakafu ngumu, sauti ikitoka haina pa kwenda inarudi. Kwaya bila maikrofoni inapendeza mpaka nywele zinasimama, sauti nne zinaelea tu hewani. Ukileta spika ni vurugu. Kwenye shughuli yetu MC aliongea saa nzima na wazee wa nyuma hawakuambulia neno, wakawa wanacheka wakiona wa mbele wanacheka. Hata ngoma zikiwa nyingi zinavurugana, ndo maana vikundi vikubwa vinachezea uwanjani na ndani wanafanya mafunzo ya hatua. Dawa inajulikana, kitu laini kwenye kuta, na wameanza kuning'iniza mikeka na vitenge vizito upande mmoja, tofauti unaisikia kabisa ukisimama pale, wamalizie upande wa pili.

Ukuta wa mashariki. Kuta za zamani ni mawe na chokaa, halafu kuna mtu mwenye haraka yake alikuja akapiga lipu ya saruji juu na rangi ya mafuta ya kung'aa. Matokeo yake mnayaona, inavimba na kubanduka vipande vipande kila baada ya masika. Chokaa inaachia unyevu utoke, saruji inaufungia ndani, unyevu unatafuta pa kutokea unaisukuma lipu. Fundi mzee wa pale aliwaambia, hawakumsikiliza, sa hivi wanabandua kidogo kidogo wanarudishia chokaa na kazi inakwenda kwa kuchechemea maana hela haipo. Pale palipokwisha rudishiwa pamekauka vizuri, nilipapapasa kwa mkono.

Vyoo ni viwili, visafi, ila Jumamosi foleni yake ni ya mnada wa korosho. Umeme ukikatika hamna jenereta. Bei ya kukodi sio mbaya, elfu themanini kwa siku, ila hawakwambii mapema kwamba viti ni hela nyingine na usafi ni hela nyingine, tulikuja kuambiwa siku yenyewe, hiyo waandike ukutani mtu ajue. Pombe hairuhusiwi ndani ya uzio, wala uraka, ile ya mabibo, na hapo mi niko upande wao kabisa.

Kuna watu wanapalinganisha na Boma la Mikindani. Lile Wajerumani walilijenga 1895, likaja kukarabatiwa likawa hoteli, na limekarabatiwa vizuri sana, ukipanda juu unaiona ghuba yote. Lakini hoteli ina wateja wake, mtoto wa Mikindani haendi pale kila Jumanne kujifunza kitu. Kanisa Kuukuu Jumanne ndo siku ya kwaya za shule na hakuna mgeni hata mmoja, hakuna anayepiga picha, na watu wamejaa. Kama mnataka kuona kanisa na sanaa kwa pamoja huku ibada zikiendelea, nendeni Mtakatifu Paulo pale Majengo, Mtwara mjini, kuta za mbele na za pembeni zimejaa michoro ya Biblia ya Padre Polycarp Uehlein, Mjerumani, rangi zimekolea hasa, na ni bure, mkae tu kwa heshima kama kuna misa.

Chakula pale kituoni kinapikwa na kikundi cha akina mama, ugali wa muhogo na samaki wa nazi elfu tatu na mia tano, sahani inajaa, pilipili yao ni kali. Ming'oko, vile viazi vya porini, ipo kwa msimu wake, bibi anayeiuza anakaa nje ya geti na kabla ya saa kumi ameshamaliza.

Kufika, panda gari za Ndanda mwambie konda akushushe Kanisa Kuukuu, kutoka barabarani unatembea kidogo au bodaboda buku. Wenye magari madogo msipite njia ya juu kipindi cha mvua, pana korongo. Na msimu wa korosho ukianza, Oktoba mpaka Desemba hivi, ulizeni kwanza kabla hamjatoka kwenu, wapigaji nusu wako mashambani na nusu wako kwenye maghala wanasubiri malipo, unaweza kukuta mlango umefungwa na mama mlezi mwenyewe yuko kwenye mikorosho yake.