Mkoba wangu wa lubugo, na kile nilichokikuta ndani

Jamani naandika hii nikiwa bado na hasira na sitaki kusubiri ipoe. Kama uko Kampala na unafikiria kununua ile mikoba ya lubugo, kitambaa cha gome la mti, yenye mkanda wa nyuzi za mgomba, ile inauzwa maduka ya vitu vya asili na kibandiko kinasema imetoka kwenye mimea mia kwa mia, usinunue. Basi. Pesa yako kaa nayo.

Wangu niliununua kabla mvua hazijaanza, laki moja na ishirini, na hiyo kwangu si pesa ya kuchezea. Ila nisidanganye, niliupenda. Ile rangi ya tofali ambayo lubugo inapata ikianikwa juani huioni kwenye kitambaa kingine chochote, na ukiushika unasikia kabisa huu ni mti. Watu kazini walikuwa wananisimamisha kwenye ngazi wanauliza umeutoa wapi, na mimi nawaelekeza dukani, yaani niliwatangazia biashara bure.

Sasa siku hiyo niko old taxi park jioni, mvua ikashuka ile ya ghafla, nikakimbilia takisi, naweka mguu tu hivi mkanda ukachomoka. Haukukatika, ukachomoka, na nataka muelewe hiyo tofauti. Msuko wa nyuzi za mgomba mpaka leo mzima, hata uzi mmoja haujatoka. Shida ni pale mkanda unapoungana na mkoba, walibandika na gundi, juu yake wakapitisha mshono mmoja wa kupendezesha macho ambao haushiki kitu chochote. Maji yalipoingia gundi ikaachia. Simu chini, kitambulisho chini, daftari la kikundi chetu cha akiba lenye majina na pesa za wanawake kumi na nne likalowa kwenye tope, na konda anapiga kelele nnyabo panda ama toka mlangoni.

Nyumbani nikauanika, nikaona pale mkanda ulipochomoka kuna tundu. Nikaingiza kidole nikavuta. Chini ya lubugo kuna foma, yaani sponji, chini ya foma kuna reksini, plastiki tupu, na vyote vitatu vimegandishwa pamoja na gundi ile ile. Nilikaa kitandani nikaangalia tu. Tangu 2009 sheria ya kukataza kaveera, mifuko ya plastiki, ipo na bado kila mtaro hapa umejaa kaveera, halafu mimi nimelipa laki na ishirini kununua kaveera nyingine iliyovikwa lubugo.

Na usiniambie plastiki kidogo si kitu, maana ubaya wake uko hapo kwenye huo mchanganyiko. Lubugo peke yake ukiichoka inaoza shambani. Reksini peke yake angalau unaijua ni reksini. Ukizigandisha na gundi lubugo haiozi vizuri tena, kutenganisha ni kazi, na fundi akitaka kurekebisha anahangaika. Bibi yangu pale Bombo alikuwa anasuka vikapu na mikeka, na alinifundisha ukinunua kikapu kigeuze kwanza utazame mgongo wake, kazi yote inaonekana huko nyuma. Huu mkoba mgongo wake walikuwa wameufunika.

Nikarudi dukani. Nimeenda kwa heshima kabisa, nimesalimia, nimeeleza. Yule dada hakuinua macho kwenye simu yake, akaniuliza, "Kwani ulibebea mawe?" Nikamwonyesha reksini. Akasema, "Wazungu wananunua hii kila siku na hakuna anayelalamika." Hivyo hivyo, mbele ya wateja. Yaani mimi Mganda nikilalamikia kitu cha Uganda nilichonunua Uganda ndo nimekosa adabu? Mzungu anapanda ndege nao wiki ile ile, mvua ya old park atakutana nayo wapi! Hilo neno limenikaa kifuani mpaka leo kuliko hata ile simu iliyopasuka kioo.

Halafu najiuliza, anajua anachouza? Mutuba, mti unaotoa lubugo, unachunwa gome lake, shina linafungwa majani ya mgomba lisikauke, na mti unaota gome jingine, mti hauuawi. Lile gome linapondwa kwa nyundo za mbao zenye mistari, muda mrefu, mpaka kipande chembamba kinatanuka kinakuwa shuka. Ukoo wa Ngonge kule Buganda wameibeba kazi hii vizazi na vizazi, wafalme wanatawazwa nayo, wafu wanazikwa nayo, UNESCO wenyewe waliitambua 2005 na 2008 ikaingia kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mzee amekaa bandani anaponda siku nzima, wewe unakuja kubandika jasho lake juu ya reksini! Hata kile kibandiko kinasema mgomba wametumia "taka za shambani", na hapo pia wamekosea. Kweli mgomba unazaa mkungu mmoja unakatwa, lakini mkulima ule mti anautandaza shambani ardhi ishike unyevu. Si taka. Wakitaka nyuzi wanunue, wamlipe mkulima.

Nikampelekea fundi wa viatu jirani yetu. Akabandua foma na reksini yote, kazi ya saa tatu, akatia bitana ya pamba, mkanda akaupitisha chini ya mkoba wote ukazunguka ukarudi juu, ameushona na uzi wa kushonea viatu. Elfu nane tu. Gundi hakuna hata tone. Na sasa nimeubeba wiki kadhaa, juzi nimebebea kilo tatu za sukari na haukusogea, na ukiushika ni mwepesi zaidi kuliko mwanzo.

Kwa hiyo nirudi pale juu niliposema msinunue. Sijui tena. Tukiacha kununua wote, mwenye mutuba kule Masaka atakata miti auze kuni, na hilo silitaki hata kidogo. Lubugo naipa alama zote, nyuzi za mgomba zote, duka sifuri. Nunueni, lakini mwambie muuzaji afungue bitana mbele yako uone, na akikataa toka. Mimi elfu nane zangu za fundi bado nazidai, na kile kibandiko cha mia kwa mia nataka wakitoe.