Pethidini kila baada ya saa 8: nimechoka nayo

"Mama, vumilia, sindano yako bado." Kauli hiyo wodi ya upasuaji nimeisikia hadi basi, na safari hii imenichefua. Mtu kafunguliwa tumbo, chati imeandikwa pethidini, sindano kali ya maumivu, miligramu 100 ya msuli kila baada ya saa 8. Pethidini yenyewe haimalizi saa 3! Hizo nyingine anakaa na nini? Anabana pumzi, hakohoi, makohozi yanatuama mapafuni, kesho kutwa tunahangaika na nimonia.

Kuzisogeza dozi karibu karibu nako ni balaa. Pethidini ikivunjwa mwilini inaacha masalia yenye sumu, nopethidini, ambayo hayatoki upesi: mgonjwa anaanza kutetemeka, na figo zikiwa dhaifu anaweza kupata degedege.

Mofini kwangu haina mpinzani. Ampuli ya miligramu 10, ongeza maji ya chumvi ifike mililita 10. Kila mililita ni miligramu 1. Mpe 1 hadi 2 mshipani taratibu, subiri dakika 5, muulize, rudia mpaka aweze kukohoa huku amekumbatia mto. Mwangalie usingizi kabla hata ya kuhesabu pumzi: anayesinzia katikati ya maongezi haongezwi, hata akisema bado anaumwa. Pumzi zikishuka chini ya 8 kwa dakika, oksijeni na naloksoni, dawa inayobatilisha mofini. Kichefuchefu na kuwashwa vipo, sikatai, na mwenye figo mbovu apunguziwe.

Tramadoli? Wengi wanaikimbilia kwa kuwa haiwasumbui kutafuta funguo za kabati la dawa kali. Inafaa mgonjwa akishaanza uji: miligramu 50 hadi 100 kila baada ya saa 6, isizidi 400 kwa siku, pamoja na parasetamoli gramu 1. Usiku wa kwanza, peke yake, ni mzaha. Tena wapo ambao ini lao haliigeuzi vya kutosha kuwa dawa yenye nguvu, hawasikii nafuu.

Labda naionea pethidini. Funguo za kabati la DDA, yaani la dawa zinazodhibitiwa kisheria, anazo sista mmoja, daftari linataka sahihi mbili, na usiku mtu wa pili wa kusaini hayupo. Hata mofini itangoja hapo. Lakini hiyo saa 8 hakuiandika sista, kaiandika daktari, mchana kweupe!

Basi pethidini ibaki thieta. Mgonjwa akitoka anatetemeka kwa baridi, miligramu 25 mshipani humtuliza upesi. Kwa hilo tu naipa nyota tano.