Sevisi ya baiskeli Morogoro: nati zinang'aa, pedeli imeng'oka

Kama unamiliki Phoenix ya kizamani, ile ambayo mikono ya pedeli inabanwa kwa kotapini, ile pini ya chuma ya kupigilia, na meno yako bado unayapenda, usimpelekee fundi niliyempelekea mimi hapa Morogoro. Nimetoa shilingi 15,000 nikaambiwa ni sevisi kamili. Kamili! Nilichorudishiwa ni baiskeli iliyooga. Rimu zinang'aa, kengele inang'aa, hata madigadi kayapaka mafuta, ambayo kwa vumbi la Kihonda ni kujitafutia matope tu. Kilichonipeleka pale hakukigusa, au tuseme alikigusa vibaya, na hiyo naona ni mbaya zaidi.

Mimi nasambaza mikate madukani. Kreti inakaa kwenye keria, njia nyingi ninazopita ni za changarawe, kwa hiyo kulegea kwa vyuma nimeshakuzoea. Keria ndiyo huanza, zinafuata nati za madigadi, halafu usukani. Hizo siendi nazo kwa fundi. Spana namba 10 inalala mfukoni mwangu, na asubuhi kabla ya kupakia naibana tairi ya mbele kwa magoti, nageuza usukani; ukizunguka wenyewe na tairi imebaki, nakaza. Natikisa na tairi ya nyuma kushoto kulia kusikia kama gololi zina nafasi. Muda wa chai kuchemka haujaisha, nimeshamaliza.

Ila mlio wa pedeli ulinishinda. Kila mguu wa kushoto ukishuka: ko. Ukishuka tena: ko. Nikamwonyesha fundi kabisa: nimesimamisha baiskeli, nimeshika mkono mmoja wa pedeli usitembee, nasukuma wa pili, na macho yanaona ukicheza kidogo kabla haujagoma. Yeye spika ya simu hajaitoa sikioni. Ananiambia, "Bosi, hiki chuma kizito, lazima kilie." Akachukua spana, akakaza nati ya kotapini mpaka uso ukamkunjamana, akaipiga teke baiskeli, akasema imekaa.

Haikukaa. Kotapini ni kabari. Inaingizwa kwa nyundo, na chini ya ule mkono wa pedeli unaweka kipande cha bomba kinachofika ardhini ili kishindo kisiende kwenye gololi za ekseli. Ikishazama ndipo nati inafuata, na kazi ya nati ni kuizuia isirudi nyuma, basi. Ukitaka nati ndiyo iivute kabari ndani, unachopata ni kukata hesi, ile mikato ambayo nati inajifungia. Tena kotapini mpya ukishaipiga, unaendesha mwendo mfupi, unarudi kuipiga na kuikaza upya, kwa sababu mara ya kwanza huwa haijatulia. Haya si mambo ya chuo. Watoto wa mtaani kwetu wanaokodisha baiskeli wanayajua.

Siku chache mbele, niko Msamvu pale magari yanapochanganyika, mzigo umejaa, nakanyaga niwahi kuvuka. Mguu wa kushoto ukakuta hewa. Nati ilikuwa imeshaanguka sijui wapi, kotapini imechomoka, mkono wa pedeli unaning'inia kwenye ekseli unazunguka unavyotaka. Kreti ikalala upande wa barabara. Dereva wa bodaboda mmoja, Mungu amzidishie, akaweka pikipiki yake kukinga huku mimi naokota mikate. Iliyopasuka mifuko sikuiuza, hasara ni yangu.

Nikarudi kwa fundi nikiwa nakokota baiskeli. Sikwenda kugombana, nilitaka anitengenezee tu. Jibu lake: "Si ilitoka hapa inatembea?" Nikasema ilitoka inatembea na ile ko yake. Akasema, "Wewe unabebesha mzigo, bosi, hiyo siyo Fuso." Wateja wengine wakacheka. Mimi keria imekuja na mzigo tangu siku ya kwanza, aliiona, aliiosha! Na baiskeli hizi nchi hii zimebeba magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi kabla yeye hajazaliwa.

Aliyenitengenezea ni mzee mmoja anayekaa na sanduku lake la vyuma karibu na nyumbani. Nikampa shikamoo, sikumweleza kitu, nikamwachia ashike mwenyewe. Alishika mkono wa pedeli, akautikisa mara moja, akasema, "Mwanangu, nani kakufungia hii?" Akatoa kotapini mpya, akaangalia ule ubapa wake kwenye mwanga, akausugua kwa tupa taratibu, anaingiza, anachomoa, anasugua tena, mpaka ukalingana na mfuo wa ekseli. Bomba chini, nyundo juu. Akaniambia kesho nipite tena aigonge. Nilipopita akaigonga, hela ya pili akakataa.

Sasa hapa ndipo roho inaniuma, maana kuna jambo lazima niseme. Yule mzee alipoizungusha tairi ya nyuma akanyamaza kidogo, akauliza rimu alinyoosha nani. Ni yuleyule wa spika sikioni. Ilikuwa inacheza mpaka inagusa breki, na tangu siku ile ya sevisi haijayumba, pamoja na mzigo wote na kuanguka kote kule. Mzee amekiri kwamba yeye macho ya kazi hiyo hana tena. Kwa hiyo rimu yangu ikipinda, nitampelekea nani? Nitampelekea huyohuyo wa spika, nitafanyaje. Kwa spoku yule kijana ana mkono, na kwa rimu peke yake ile 15,000 singeililia.

Lakini hapohapo nazidi kukasirika. Mtu anayepitisha kidole kwenye spoku, anazisikiliza moja baada ya nyingine, akajua ipi imelegea kwa mlio tu, anashindwaje kusikia ko ya pedeli? Alisikia. Alinidharau, akaona muuza mikate hatajua tofauti.

Nilikuwa nimempa nyota tatu kwa ajili ya ile rimu. Nimekumbuka "si ilitoka hapa inatembea", nimefuta moja.