Nissan Leaf ya mtumba kwa safari za Mtumba

Nitaje kwanza mizunguko yangu, maana ndiyo iliyonichagulia gari. Mimi ni mhasibu serikalini, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, ofisi iko Mji wa Serikali Mtumba. Asubuhi nakatiza mji, nashusha watoto shuleni Area C, nashika barabara ya Dar es Salaam, napita Nanenane, Ihumwa, hadi getini. Kutoka katikati ya mji hadi Mtumba ni kama kilometa 17. Ukijumlisha kwenda, kurudi na kupitia sokoni Majengo, siku yangu ya kazi haivuki kilometa 60. Anayejua namba yake namna hiyo anaweza kuongelea gari la umeme. Anayeshinda Kibaigwa leo na Manyoni kesho atafute dizeli.

Leaf yangu ni ya mwaka 2014, betri ya kilowati-saa 24, imetoka Japani. Kule ziliuzwa kwa ahadi ya kilometa 228 kwa chaji moja. Sahau. Yangu, kwa umri wake, inanipa mia na ushee nikienda taratibu, na kwenda taratibu si hiari: kati ya mji na Mtumba trafiki wenye tochi hawakosekani. Kinachonishangaza zaidi ni upepo. Julai na Agosti unavuma kutoka mashariki, kwa hiyo asubuhi naupanda na jioni unanisukuma. Asilimia zinazoondoka kwenda si zile zinazoondoka kurudi, ingawa barabara ni ileile.

Ukienda yadi, usibabaishwe na odometa wala rangi. Washa gari uangalie pembeni kabisa kulia kwa kipimo cha chaji. Kuna mistari midogo, 12 ikiwa betri ni nzima. Mstari wa kwanza haupotei mpaka betri iwe imepungua asilimia 15 hivi, halafu inayofuata inaondoka kwa hatua ndogo zaidi. Gari lenye mistari 8 linang'aa sawasawa na lenye 11, na ndipo wengi wanapopigwa. Mimi nilibeba kifaa cha kusomea kompyuta ya gari na programu ya LeafSpy kwenye simu, inayokuambia afya ya betri kwa asilimia. Muuzaji mmoja alikataa nisichomeke, eti nitaharibu mfumo. Nikamuaga kwa adabu, nikaenda yadi ya jirani.

Betri za Leaf hazipozwi kwa maji, na joto ndilo linalozizeesha. Hapa Dodoma tunaponea kwenye mwinuko: mji uko zaidi ya meta 1,100, usiku kunapoa. Ndiyo maana sichaji nikifika tu jioni, gari likiwa limetoka kuiva kwenye maegesho ya Mtumba ambako miti bado ni michanga. Nachaji alfajiri.

Sasa soketi, ambayo watu hawaiulizii kabisa. Waya uliokuja na gari una plagi ya Kijapani na unavuta ampea 15. Ukibadilisha plagi tu ukachomeka kwenye soketi ya pasi, soketi hiyo ni ya ampea 13, na kuvuta saa sita mfululizo si sawa na kunyoosha shati. Itayeyuka. Fundi umeme alinivutia waya wake peke yake wa milimita 4 kutoka kwenye swichi kuu, akaweka breka yake na soketi ya bluu ya viwandani. Tukawasha, waya ukakataa kuchaji. Fundi akatazama ukutani, akatazama chini, akasema, "Dada, umeme hauna neno. Ardhi yako ndiyo imekauka." Chaja inapima athi, yaani njia ya umeme kuingia ardhini, na udongo wetu wa Oktoba umekauka kiasi kwamba fimbo ya athi ni kama imechomekwa hewani. Akachimba upya, akashindilia mkaa na chumvi kuizunguka, akamwaga maji. Ikakubali. Tangu hapo, kiangazi kikikolea, namwagilia mchicha na fimbo ya athi kwa zamu, na majirani wamezoea.

Gharama: ukivuka uniti 75 kwa mwezi unaaga bei ya shilingi 100, unaingia kwenye 292, na pamoja na kodi uniti inagonga 350 na ushee. Siku yangu inakula uniti 9 au 10, yaani shilingi 3,500 hivi. IST niliyokuwa nayo, kwa mwendo uleule na petroli ikizunguka 3,000 kwa lita, ilikuwa inanimalizia zaidi ya 12,000. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi za kuchoma mafuta, hakuna feni beliti. Matairi, breki, wishboni na chujio la hewa ya ndani vipo palepale, na vumbi letu unalijua.

Kero ndogo: skrini inaongea Kijapani, na redio inaishia masafa ya 90, hivyo stesheni nyingi huzipati mpaka ufungiwe kifaa cha kushusha masafa. Pia limekaa chini. Njia za ndani za Nkuhungu wakati wa mvua nalipitisha kimshazari. Na mbuzi hawalisikii.

Dar siendi nalo. Ni zaidi ya kilometa 400, na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 sioni sababu ya kujitesa.

Mwenzangu ofisini amelipenda, anataka la kwake. Amepanga Chang'ombe, wapangaji wanne, mita moja ya LUKU, wanachangia kwa kichwa. Nimemwambia aanze na mita yake mwenyewe, na mwenye nyumba akikataa, anunue Toyota Aqua, haibridi ya petroli isiyohitaji soketi.