Fundi wa marumaru za kizamani, Mji Mkongwe: anastahili kungojwa

Sebule ya nyumba ya bibi ina marumaru za saruji za zamani, maua mekundu na meusi, zilizokuwa zimefunikwa na matone ya rangi ya mafuta na uchafu wa miaka. Mafundi wengine walitaka kumwaga asidi. Huyu alikataa katakata: rangi ya marumaru hizi ni tabaka la milimita chache tu juu ya saruji, halina glezi (ule utando wa juu unaong'aa kama kioo), na asidi huila saruji. Hata siki hakutaka kuiona.

Alikwangua taratibu, akasugua kwa sabuni isiyo na asidi na brashi ya nailoni, maji kidogo, akiyafuta papo hapo. Kisha msasa laini. Dawa ya kuzuia madoa hakuipaka mpaka sakafu ilipokauka kabisa, maana unyevu ukifungiwa ndani, baadaye chumvi hutoka nyeupe juu. Nilinung'unika, lakini wekundu ulivyorudi, we!

Kasoro ipo. Vipande vilivyovunjika mlangoni alivijaza saruji ya rangi isiyolingana, mchana inaonekana wazi. Na vumbi la msasa lilinifikia hadi kabatini. Anatoza kwa mita ya mraba, si rahisi. Chumba cha juu nitampa yeye, ila makochi nitayatoa kwanza.