La bohème kwenye ukumbi mdogo: uzoefu wangu

Mtu akiniuliza aanzie wapi kuijua opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, sasa nina jibu: aitafute La bohème inayochezwa na watu wachache kwenye ukumbi mdogo. Niliyoiona mimi ilikuwa na waimbaji saba, piano, vayolini, chelo na klarineti. Hakuna kipaza sauti hata kimoja. Wahusika walivaa nguo za siku hizi, ingawa kazi yenyewe ni ya mtunzi Mwitalia Giacomo Puccini na ilichezwa mara ya kwanza Turin, Italia, mwaka 1896.

Kisa kinawahusu vijana wa Paris: Rodolfo mshairi, Marcello mchoraji, Schaunard mwanamuziki na Colline mwanafalsafa. Wanaishi chumba kimoja, kodi imewashinda, na baridi ikizidi Rodolfo anaitia motoni tamthilia aliyoiandika mwenyewe. Mimì, jirani anayeishi kwa kudarizi, anabisha hodi kuomba moto wa mshumaa.

Hapo ndipo ukumbi mdogo unapolipa. Mimì amedondosha ufunguo, wanautafuta gizani kwa kupapasa sakafu. Rodolfo anaupata, anautia mfukoni kimyakimya, kisha anaendelea kujifanya anatafuta mpaka mkono wake unaugusa wa Mimì. Kwenye jukwaa kubwa tendo hilo humpita mtazamaji. Hapa niliviona vidole vyake vikiuficha. Alipoanza kuimba “Che gelida manina” (kamkono kako ni baridi kweli) alikuwa hatua mbili tu kutoka kwa Mimì, na ile do ya juu, noti ya juu kabisa ya wimbo huo, hakuipiga kwa kuwaonyesha watazamaji. Alimwimbia yeye.

Sehemu ya pili ndiyo iliyopwaya. Ni usiku wa mkesha wa Krismasi, mkahawa wa Momus, na Puccini aliiandikia kwaya ya watu wazima na ya watoto. Ukiondoa umati huo, mtaa haupo. Musetta aliinusuru kwa ule wimbo wake wa mdundo wa walsi, lakini pengo lilionekana.

Sehemu ya tatu, jamani, naweza kuirudia kuitazama hata kesho. Rodolfo anamlalamikia Marcello kwamba Mimì ana macho ya nje. Akibanwa anasema ukweli: Mimì anaumwa sana, chumba cha Rodolfo kinapitisha upepo, na umaskini wa Rodolfo ndio unaommaliza Mimì. Anampenda, ila mapenzi hayapashi chumba joto. Mimì amejificha palepale anasikia yote, na kikohozi kinamfichua. Wanakubaliana kwa upole waachane maua yakichanua, huku kando yao Marcello na Musetta wanatukanana, huyu “nyoka!”, yule “chura!”. Sauti nne, mapenzi mawili yanavunjika kwa pamoja, na kwa vyombo vinne tu nilimsikia kila mmoja anasema nini. Okestra kubwa haijawahi kunipa hilo.

Kero yangu ni skrini ya tafsiri. Waliitundika juu mno, ukisoma unaikosa sura ya mwimbaji. Soma kisa chote kabla hujaenda, halafu isahau skrini, hasa mwishoni: Schaunard ndiye wa kwanza kugundua kwamba Mimì amefariki, na Rodolfo anakuja kujua kwa kutazama nyuso za wenzake. Nyuso hizo ndizo za kutazamwa. Muziki wote hauzidi saa mbili, kwa hiyo hata mgeni wa opera hatachoka. Chukua kiti cha mbele.