Roketi ipi inafaa kubeba kituo cha anga karibu na Mwezi?

Mtu wa Arusha anayehama Sakina kwenda Usa River haulizi tu Fuso inabeba tani ngapi. Anauliza kabati litaingia bodini, na nani atalishusha. Kwenye roketi za kujengea kituo karibu na Mwezi nashauri uanze na hayo hayo, maana tani kila muuzaji atakutajia bila kuulizwa.

Mzigo wetu uwe moduli, yaani vipande vikubwa, za Gateway, kituo kilichopangwa na NASA na washirika wake. Obiti iliyopangiwa, yaani njia yake ya kuzunguka Mwezi, imevutika ajabu: inasogea hadi kama kilomita 3,000 kutoka Mwezini, kisha inakwenda mbali hadi 70,000, mzunguko mmoja kwa takriban siku 6 na nusu.

Namba moja naipa Falcon Heavy ya SpaceX. Inaruka tangu 2018, na mwaka 2021 NASA ilisaini nayo takriban dola milioni 332 irushe moduli mbili za mwanzo zikiwa zimeshaunganishwa. Ujanja uko kwenye mzigo: moduli moja ina paneli kubwa za sola na injini za umeme, hivyo roketi inauacha njiani nao unajisukuma wenyewe, taratibu, karibu mwaka mzima. Ndiyo maana bei inavumilika. Ila kasha linalofunika mzigo lina upana wa mita 5.2 tu, na mwaka 2024 wakaguzi wa Bunge la Marekani waliripoti kwamba moduli hizo zimezidi uzito uliolengwa. Pima kwanza, advansi baadaye.

New Glenn ya Blue Origin inafuata. Kasha lake ni mita 7, raha kwa moduli nene. Ilifika obiti safari yake ya kwanza, Januari 2025, lakini uzoefu bado mchanga.

SLS, roketi ya NASA yenyewe, naiweka ya tatu, na kinachoiangusha ni mfuko. Toleo lake kubwa lilipangwa kupeleka takriban tani 38 kuelekea Mwezini: wanaanga ndani ya chombo chao, Orion, moduli ya tani kama 10 chini yao, kisha Orion yenyewe inaifikisha kituoni. Swali la nani atashusha limejibiwa vizuri kuliko kwingine kote. Sasa bei: mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA alikadiria dola bilioni 4.1 kwa kila safari, Orion ikiwemo. Jamani!

Starship ina upana wa mita 9, lakini kufika huko lazima ijazwe mafuta angani na Starship nyingine, na hadi mwisho wa 2025 kazi hiyo ilikuwa haijafanyika. Mimi silipii ahadi.

Ukitaka kuijaribu obiti tu, Electron ndogo inatosha. Juni 2022 ilirusha CAPSTONE, chombo cha kilo 25 hivi, kutoka New Zealand.

Halafu soma mkataba. Mei 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza Gateway ifutwe. Julai Bunge likaitengea fedha. Dai kipengele cha kurudishiwa hela.